Mizizi ya Mama Atosha na Kijiko Changu

Vijana wangu wa shule ya uuguzi, mkuu wenu ameniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi yetu ya zamani, enzi za Wabelgiji. Nadhani alitarajia niwasimulie namna tulivyochemsha sindano kwenye sufuria, au siku hadubini ilipofika hospitali ya Kasongo na watu wakakataa kuonyeshwa wadudu wao. Hayo wazee wengine watawaambia. Mimi nataka kuzungumza juu ya kipimo: dawa kiasi gani, kwa nani, na dawa ipi ikae pamoja na ipi. Ndani ya habari hiyo yumo mwanamke wa Lusangi, Mama Atosha, ambaye mpaka leo kuna watu wanaosema alitaka kumuua mtoto kwa mizizi yake. Jina lake liliharibiwa, na mimi nilishiriki kuliharibu. Nitafika huko. Msinihimize, uzee hauna mbio.

Kazi nilifundishwa Kasongo na Papa Sefu, anfirmie, yaani muuguzi, mkubwa kuliko wote weusi pale hospitalini. Alikuwa mfupi, Mwislamu mwenye swala zake, na sauti yake ilisikika wodi mbili mbele. Wiki tatu za kwanza hakuniruhusu kumgusa mgonjwa. Alinisimamisha dirishani na chupa ya maji na kidude cha kudondoshea, nihesabu matone mpaka mkono ukakakamaa. Nikikosea tone moja, naanza upya.

Siku moja nilimwuliza, "Papa, tone moja la maji litamufanya mutu nini?"

"La maji hapana kitu," akasema. "Lakini mukono wako haujui kama ni maji. Mukono unajua mazoea tu. Dawa haina akili, mwanangu. Akili yake njo weye."

Eti akili ya dawa ndiyo mimi! Nilikuwa kijana wa shule ya mapadri, nilijua kugawanya na kuzidisha, nikaona mzee ananipotezea muda. Nilitaka koti jeupe na watu waniite munganga.

Nikaanza kugawa dawa, na hapo ndipo nilipoona kwamba kipimo kikitoka mlangoni hakijulikani kinakwenda wapi. Kulikuwa na mwanamke tuliyempa chupa ya dawa ya kikohozi. Nikamwambia kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Siku ya pili akarudi na chupa tupu, anayumba, macho yamelegea. Papa Sefu akamwuliza, kijiko gani? Akasema, kijiko, kile cha nyumbani. Tukamtuma mume wake akilete. Alirudi na mwiko wa kusongea bugali. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Papa Sefu hakucheka. Alinitandika kofi la kisogo, akaniambia mwenye kosa ni mimi, kwa sababu nilisema neno "kijiko" bila kuonyesha kijiko. Tangu siku ile nimemwonyesha kila mgonjwa kwa macho yake, na ninyi fanyeni hivyo.

Mwingine alikuwa mlimaji wa pamba, amepewa vidonge sita, kimoja kila siku. Alipofika nyumbani akampa kila mtu wa nyumba kidonge kimoja: wake wawili, watoto watatu, na yeye. Homa ilipozidi alirudi kwetu na hasira. Nilimweleza kwamba vyote sita vilikuwa vyake. Akanitazama kama mtu mchoyo. "Mimi naweza kula peke yangu, wale wananiangalia?" Katika nyumba zetu chakula kinagawanywa, na yeye aliona dawa ni kitu cha kumeza kama chakula. Tangu hapo wenye ndugu wengi walimeza mbele yangu, kila siku, hata kama walitembea mbali.

Baada ya miaka miwili nilipelekwa dispanseri ndogo karibu na Lusangi, upande wa Kabambare. Nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa, kabati moja, mizani ndogo ya shaba, meza, na mimi. Hapakuwa na daktari. Mara moja kwa mwezi alikuja ajenti wa afya, Mbelgiji kijana ambaye watu walimwita Bwana Saa, maana hakuweza kusikiliza maneno matatu bila kutazama saa yake. Alikuwa mgeni nchini, Kiswahili chake kilikuwa cha kuamuru tu: kuja, leta, kimbia. Mambo mengine yote nilimtafsiria mimi. Kumbukeni hilo.

Watu walinipenda kwa sindano ya buba. Mtu alikuja na vidonda, wiki chache baadaye ngozi safi. Walileta kuku, ndizi, karanga. Nikavimba kichwa. Nilitembea katikati ya barabara kama mkubwa wa eneo.

Halafu tumbo likanishika mimi. Minyoo. Nilimeza dawa yetu ya minyoo mara mbili, minyoo ikaendelea kukaa tumboni mwangu raha mustarehe. Jirani akaniambia kwa sauti ya chini, nenda kwa Mama Atosha. Nilikataa siku nne. Siku ya tano nilivaa kofia mpaka machoni nikaenda kwa njia ya mashambani, nisionekane.

Mama Atosha alikuwa mjane wa Kibangubangu, mrefu, mlimaji kama wanawake wote. Nilimkuta anakoboa karanga. Aliitambua kofia kabla ya kunitambua mimi.

"Anfirmie iko naumwa tumbo?" akauliza. "Na zile chupa zote za mu kabati?"

"Mama, usinicheke."

"Sikucheki. Nafurahi. Kumbe weye pia uko na tumbo. Leta mukono."

Nilidhani anataka kupima mapigo. Hapana. Alichukua bua la majani, akaliweka kwenye kidole changu cha mwisho, akalikata sawasawa na pingili ya juu, yaani kutoka ncha ya kidole mpaka kiungo cha kwanza. Kisha akachimbua mzizi mbichi nyuma ya nyumba, akaulinganisha na lile bua, akaukata urefu uleule. Akaniambia nifumbe ngumi, akachuma majani ya kujaa ngumi yangu, si ngumi yake. Akaongeza tangawizi, nayo kwa kidole changu. Vyote vikaingia chunguni.

Nikamwuliza mkono wangu unahusiana nini na dawa yake.

"Mutu hawezi kunywa kipimo cha mukono ya mutu mwengine," akasema, kana kwamba nimeuliza kwa nini tunavaa viatu miguuni. "Mutoto iko na kidole kidogo, atakunywa kidogo. Mutu mukubwa, kidole kikubwa. Sitoi dawa ya kutumwa. Mugonjwa hawezi kutembea, ndugu yake atapima kidole chake na bua, atafunga fundo, ataniletea."

Ninyi leo mnampandisha mtoto kwenye mizani kabla ya kumpa dawa, mnahesabu kwa kilo. Mnaona ni elimu ya Ulaya. Mama yule hakujua kusoma, na tayari alikuwa anapima dawa kwa mwili wa mgonjwa, wakati sisi dispanseri tulikuwa na vipimo viwili tu, "mkubwa" na "mtoto", na mtoto wa miezi minane na wa miaka kumi walikunywa sawa.

Nilikunywa. Minyoo ikatoka, sitaeleza zaidi, huenda mnasoma karibu na saa ya kula. Nikarudi kwake kushukuru, na kwa kweli kupeleleza. Nilitaka kujua kila kilichokuwa chunguni. Hakuficha. Babu yake alibeba mizigo katika misafara ya Waungwana, wale wafanyabiashara waliotoka pwani, kutoka Kasongo mpaka Ujiji, na yeye aliieleza dawa yake kwa msafara.

"Huu muzizi njo nyampara," akasema. "Yeye njo mwenye safari. Lakini iko mukali. Ukimutuma peke yake, atafika na fimbo, atapiga kila mutu. Tangawizi njo mupagazi, anabeba, anapeleka mbio mu tumbo. Nyampara bila wapagazi, mizigo inabaki mu njia."

"Na haya majani?"

Yalikuwa majani ya mlenda, yale yale ya mboga, yanayovutika kama uzi.

"Haya njo mufunga-nyuma. Anatembea wa mwisho. Mutu akianguka, anamuinua. Nyampara akitaka kuua watu, anamushika mukono."

"Lakini mama, hii ni mboga. Mimi nakula kila juma."

"Na juu ya nini tumbo yako haikuuma ulipokunywa muzizi?"

Nilitabasamu tabasamu la mtu aliyesoma. Wahenga wetu walikwisha kusema kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi methali hiyo niliijua tangu utoto. Niliijua tu.

Jina la mzizi sitaliandika. Nawajua vijana, wengine wenu mtakwenda kuuchimba kesho asubuhi.

Basi tamaa ikaniingia. Nilifikiri nitaisafisha dawa hii, niiweke katika kijiko na gramu, nimwandikie daktari wa Kasongo, na jina langu lisomwe mbele ya maanfirmie wote. Nikafanya kama nilivyofundishwa, kila kitu peke yake. Mlenda peke yake kwa watu watatu wenye minyoo: hakuna kilichotoka. Nikauandika, haufai. Tangawizi peke yake: haifai sana, lakini ladha nzuri. Mzizi peke yake, kidogo tu, kwangu mwenyewe: tumbo lilinikata, lakini minyoo iliyosalia ikatoka. Nikaandika, dawa ni mzizi, vingine ni mapambo ya wanawake.

Mnaona kosa? Nilimpima kila mmoja kwa kazi ya nyampara. Mfunga-nyuma ukimtuma peke yake hafiki popote, kwa sababu hiyo si kazi yake. Kazi yake haionekani mpaka siku hayupo.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na lilitokana na usafi. Mzizi mbichi uliniudhi, una udongo, unaoza. Nikaukausha juani, nikautwanga, nikauchekecha kwa kitambaa. Unga mzuri, wa rangi ya kahawia. Nikachukua pingili yangu mbichi kama kipimo cha mtu mkubwa, nikaipima kwenye mizani: ikawa sawa na kijiko kimoja cha ule unga. Mtu mkubwa kijiko kimoja, mtoto nusu. Hesabu yangu ilikuwa safi kabisa. Ila mzizi mbichi ni maji mengi. Nilipoukausha maji yaliondoka, ukali ukabaki wote. Katika kijiko changu kimoja mlikuwa na pingili nne au tano. Mimi niliyemcheka mwanamke wa mwiko nikatengeneza mwiko wangu, wenye mizani ya shaba.

Mvua za mwaka ule zilivunja daraja, lori la dawa likakwama upande wa Kasongo. Kabati likabaki tupu. Akaja Mama Feza, jirani wa karibu na soko, amembeba binti yake Feza mgongoni. Mtoto wa miaka minne hivi, tumbo kubwa, miguu myembamba, minyoo dhahiri. Mama yake alitaka kumpeleka kwa Mama Atosha. Mimi nikamzuia.

"Juu ya nini uende kule?" nikamwambia. "Dawa yake ninayo hapa, safi, ya kupimwa."

Nikapima nusu kijiko mbele ya macho yake, nikakwangua juu kwa kisu ili isizidi hata chembe. Nilijivunia kule kukwangua. Nikakoroga katika maji ya moto, Feza akanywa, akakunja uso, nikampa kipande cha muwa.

Alasiri Mama Feza alirudi anakimbia, mtoto mikononi. Feza alikuwa ametapika mpaka hakuna cha kutapika, tumbo linamkata, jasho la baridi, miguu inatetemeka, anatoka damu kidogo nyuma. Nilimpa maji ya sukari, akayarudisha. Nikafungua kabati, nikalifunga, nikalifungua tena, kana kwamba dawa ingezaliwa mle ndani. Niliogopa kama sijawahi kuogopa.

Nikakimbia kwa Mama Atosha, safari hii katikati ya barabara, bila kofia.

Alikuja na jembe bado mkononi. Alionja unga wangu kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Ulimupa ngapi?"

Nikamwonyesha kijiko.

"Mufunga-nyuma iko wapi?"

"Nilimutoa, mama. Niliona ni mboga tu."

Alituma mlenda uchumwe, akaupika mzito bila chumvi, akaupoza, akakaa chini na Feza mapajani. Alimlisha kwa kidole chake, tone kwa tone. Mtoto akitapika, anangoja, anaanza tena. Hata mimi aliniweka kazini: nipoze maji yaliyochemka, nitie sukari na chumvi kidogo, nimpe kwa kijiko kidogo, nisiharakishe. Asubuhi Feza alikojoa. Mama Atosha aliangalia ule mkojo akasema, "Atabaki muzima." Mama Feza akalia kwa sauti, na mimi nikalia pia.

Laiti hadithi ingeishia hapo.

Siku ya tatu, Feza bado amelala kwenye mkeka wa dispanseri, Mama Atosha yuko kando yake na chungu chake, akaingia Bwana Saa. Daraja lilikuwa limetengenezwa. Akaona chungu, akaona mwanamke na mizizi ndani ya dispanseri ya serikali, akaona mtoto aliyenyauka. Akauliza kwa Kifaransa mtoto huyu amekunywa nini na nani aliyempa.

Nilijibu, "Amekunywa dawa ya mwanamke huyu, Musiye."

Lichunguzeni jibu langu. Dawa kweli ilikuwa ya mwanamke huyu, mimi niliipata kwake. Sikutamka uongo hata neno moja. Ndiyo maana nililichagua, na ndiyo maana nalichukia.

Uso wa Bwana Saa ukawa mwekundu. Akamgeukia Mama Atosha, akasema, mwulize ana nini cha kujibu. Nikamwuliza kwa Kiswahili. Yeye hakumtazama mzungu. Alinitazama mimi, bila hasira, kwa namna ya mtu anayemngoja mwingine amalize kufunga mzigo wake.

"Mwambie weye mwenyewe," akasema. "Kinywa iko yako."

Bwana Saa akauliza, anasema nini?

Nikatafsiri, "Anasema anaomba msamaha."

Mama Feza alikuwa pale mlangoni. Kifaransa hakujua, lakini Kiswahili alikisikia chote. Bwana Saa akatazama saa, akaandika karatasi, na mchana polisi wa chifu akamchukua Mama Atosha kwa miguu mpaka Kabambare. Alifungwa miezi miwili. Wafungwa walikuwa wakikatishwa majani kandokando ya barabara, na watu wa kwetu waliopita kwenda sokoni walimwona, wakarudi na habari: yule aliyempa mtoto sumu tumemwona, anakata majani.

Mtauliza kwa nini sikusema. Nilijiambia nitasema Bwana Saa akija mwezi ujao. Alipokuja mwezi uliofuata nilijiambia kwamba nikifukuzwa, watu wa buba watachomwa na nani? Hoja nzuri, na kila aliyekosea huwa nayo moja ya namna hiyo. Ukweli ni kwamba nilipenda koti langu.

Mama Atosha aliporudi alikuwa amekonda, viganja vimepasuka. Nilikwenda kwake mchana kweupe nikiwa na maneno ya msamaha niliyoyakariri njia nzima. Hakuniacha niyaanze.

"Feza anakula?"

"Anakula, mama. Anakimbia."

"Minyoo?"

"Ingali."

"Basi tafuta mama yake amulete. Na weye kaa hapa, uangalie ginsi ya kupima. Hii kazi ukiijua nusu utaua watu."

Mama Feza alimleta mtoto, macho yake chini. Mama Atosha akapima kidole kile kidogo kwa bua. Ulikuwa mzizi wa urefu wa punje ya muhindi, basi. Mlenda wa kujaa ngumi ya Feza, ngumi isiyozidi limau. Nilipoona kile kipande cha mzizi na nikakumbuka nusu kijiko changu, niliona haya mpaka nikatoka nje.

Nilikwenda kwake kwa miaka mingi, kila nilipopata nafasi. Alinifundisha kwamba mzizi wa wakati wa mvua ni dhaifu na wa kiangazi ni mkali, kwa hiyo kiangazi anapunguza kwa upana wa ukucha. Kwamba nyampara wawili hawaingii chungu kimoja, watagombana na mgonjwa ndiye atakayepigwa. Kwamba mama anayenyonyesha akinywa, mtoto naye amekunywa. Kwamba kipimo cha pili hakitolewi mpaka umeona kazi ya cha kwanza. Baadaye, baada ya uhuru, nilipopelekwa kozi na kusikia waalimu wakieleza mambo hayohayo kwa majina marefu, niliandika kwa utulivu, nilikuwa nimeyasikia tayari yakisemwa huku karanga zinakobolewa.

Hakunitaja kwa mtu. Na mimi sikumtaja. Watu waliacha kwenda kwake, isipokuwa wale waliokata tamaa. Wanawake walikataa maji ya kunywa nyumbani kwake. Nyumbani kwangu mwenyewe, chumvi ikizidi kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, watoto wangu walisema, "Mama, leo umeweka kipimo cha Atosha," wakacheka, na mimi nikaendelea kula. Hapo tayari nilikuwa nimestaafu. Mama Atosha alikuwa amekufa, Bwana Saa alirudi kwao zamani, koti langu liliraruka na kuwa matambara ya kufutia baiskeli. Hapakuwa na kitu cha kuogopa tena, na bado nilinyamaza. Mazoea, kama Papa Sefu alivyosema juu ya mkono.

Barua ya mkuu wenu ilipofika, nilipanda pikipiki ya kijana mmoja nikaenda kumwona Mama Feza. Ni mkongwe sasa, macho hayaoni vizuri, masikio yanasikia kila kitu. Feza mwenyewe ana wajukuu, anauza mafuta ya mawese hapo Kasongo, huenda mnanunua kwake. Nilimwambia mama yake kwamba ninataka kuandika ukweli, na nikamweleza yote: unga, kijiko, na nilivyogeuza maneno.

Aliniacha nimalize.

"Nilijua," akasema. "Kijiko nilikiona na macho yangu. Na ile siku nilisikia vile Atosha alikujibu."

"Na juu ya nini ulinyamaza?"

"Nilikuwa na watoto wengine wane. Sindano zote zilikuwa mu mukono wako. Ningesema, na kesho mutoto wangu akiugua, nitamupeleka kwa nani? Kwa weye?"

Kisha nikamwambia nitaandika, lakini jina lake nitaliacha.

"Andika na langu," akasema. "Kama unaandika, andika yote."

Basi nimeandika. Mtoto alikuwa Feza, mama yake alijua, na dawa niliitoa mimi kwa mkono wangu. Tulikuwa watu watatu wenye kuujua ukweli katika chumba kile cha chokaa, na aliyekwenda kukata majani Kabambare ni yule mmoja ambaye hakukosa.